Mtafsiri Aliyeingia kwa Kidirisha

Kwetu, senta iliyo juu kidogo ya Kerende, ukiuliza habari za banda la video lililoungua utaambiwa wanawake walijifungia wenyewe. Mwanaume atakuambia hivyo huku anachokonoa meno. Walijifungia kwa ndani kwa kuwaogopa waume zao, moto ukawakuta. Hata watoto waliozaliwa juzi wanajua kulisema hilo. Mimi nilikuwemo. Vidole vya mkono wangu wa kushoto vimeshikana mpaka leo, na mdogo wangu Ghati hakutoka. Kufuli lilikuwa nje. Nimelisema mpaka watu wamenichoka, na jibu lao ni lile lile: Mama Robi, wewe ulikuwa kwenye moshi, ya nje uliyaonaje?

Ni kweli, ya nje sikuyaona. Aliyeyaona ni mtu mmoja, na huyo ndiye ninayetaka kumweleza. Nimeishia darasa la nne, kwa hiyo nitamweleza kama ninavyoongea. Majina ya waliotufanyia nitayaandika, maana wao wametusema miaka yote bila aibu.

Tulimwita Mtafsiri. Mwembamba, shingo ndefu, shati amelifunga mpaka kifungo cha juu hata jua likiwa kali. Gesabo, mwenye banda, alipoleta deki na televisheni na jenereta, alimleta na yeye, kama vile vyote vilitoka kwenye boksi moja. Ukimuuliza kwao ni wapi, leo ni Tanga, kesho ni Tabora, na siku moja alimwambia mama yangu kwamba amezaliwa ndani ya mkanda wa video. Wala hakucheka.

Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, maiki mkononi, atuambie Wahindi wa kwenye sinema wanasema nini. Sauti zote zilikuwa zake. Mfalme alikuwa yeye, na mama anayelilia mtoto, na nyoka anayegeuka mwanamke, na mungu anayeshuka juu ya ua. Akiwa binti aliyependa, sauti yake ililainika mpaka wanawake walitazamana gizani. Akinyamaza kidogo kumeza mate, banda zima linaitikia, "Sema, Mtafsiri." Naye anajibu, "Nasema," kwa sauti ya yeyote aliye kwenye kioo wakati ule, hata kama ni farasi.

Sauti yake mwenyewe hatukuijua. Nje ya banda alikuwa kama bubu. Dukani alinyoosha kidole kwenye sukari, akaonyesha kipimo kwa mkono, akaondoka. Ukimsalimu anatikisa kichwa. Mimi niliwahi kumsikia mara moja akimfukuza mbuzi aliyekuwa anakula kamba ya kuanikia nguo yake. Ilikuwa sauti ndogo, imekwaruza, ya mtu anayeomba asikataliwe. Hata mbuzi hakuondoka.

Kihindi alikijua au hakukijua, hilo tulibishania sana. Kulikuwa na nesi wa zahanati, mtu wa Tanga kweli, aliyekua jirani na duka la Mhindi. Alikuja Jumapili moja, akasikiliza, akasema kwa nguvu, "Huyu baba anawadanganya. Kijana kamwambia mama yake anaumwa, yeye kasema anaenda kuchunga."

Mama Wankuru, aliyekuwa mkubwa wetu pale, hakugeuza hata shingo. "Nesi, sindano tumekuachia wewe. Tuachie sinema yetu."

Maana alitutafsiria sisi. Watu wote wa kwenye mkanda aliwapa majina ya kwetu. Malkia alikuwa Bhoke. Shujaa Mwita. Baba mkali wa binti alikuwa na ng'ombe wengi na bado hataki kumtoa binti kwa maskini asiye na ng'ombe. Wale wapenzi wakianza kukimbizana bustanini wakiimba, Mtafsiri aliimba pia: nitawapata wapi ng'ombe wa baba yako, Bhoke, nami nina jogoo tu, tena wa kuazima. Tulicheka mpaka tukalia. Akitokea mungu mke mwenye mikono mingi, bibi mmoja hakukosa kusema kwamba huyo angelima mashamba yote ya Gorong'a kabla ya chai.

Jambazi ndiye aliyekuwa kazi, maana kwetu kila ua una Chacha wake. Wiki nzima wanawake walimfuata Mtafsiri njiani. "Mtafsiri, jambazi wa safari hii usimwite Chacha, mume wangu amesikia, amenipiga." Mwingine anasema, "Mwite Chacha. Akinipiga na alipe." Yeye anatikisa kichwa kwa wote wawili. Jumapili tunasikia jambazi anaitwa jina ambalo halipo duniani.

Alikuwa na sanduku la mbao, na hilo ndilo lililomfanya asifanane na watafsiri wengine wa Tarime au wa Sirari. Ndani mlikuwa na kipande cha bati cha kutikisa radi ikipiga. Mlikuwa na udi, kwa ajili ya hekalu. Chupa ya maji ilitobolewa kifuniko. Mvua ikinyesha kwenye mkanda, alitumwagia sisi wa mbele, tukapiga kelele na kujifunika kanga kichwani. Na mlikuwa na sufuria nyeusi yenye matambara ya mafuta. Kwenye mkanda wakichoma maiti au nyumba ya adui, aliwasha tambara moja pale miguuni pake, moshi ukatufikia, tukapiga makofi. Hakuna aliyetulazimisha, tulitaka wenyewe. Tulipenda. Sinema bila moshi tuliiona haijaiva.

Alilia kwa kweli. Binti akiozwa kwa asiyempenda, machozi yalimshuka Mtafsiri na maiki ikawa inakwaruza. Lakini mtoto wa jirani yake alipokufa kwa maji, alikaa msibani kama gogo. Mama Wankuru akamwambia, "Wewe unawalilia Wahindi, wa kwetu huwaoni?" Akanong'ona jambo. Tulimuuliza Mama Wankuru amejibiwa nini. Akasema, "Eti kwa mtoto huyu hakupewa maneno ya kusema." Tukamwona mwendawazimu. Sasa ndiyo ninalielewa hilo neno, na silipendi.

Neno lake jingine lilikuwa la kututuliza. Mungu wa kwenye mkanda huchelewa sana kuja. Msichana anaonewa saa nzima, nasi tunalia, tunataka kumtukana shemeji yake. Basi Mtafsiri anasema, kwa sauti ya mzee wa hekaluni, "Tulieni, mkanda haujaisha." Tukawa tunalitumia hata nyumbani. Mume akikupiga, jirani anakuambia ng'ambo ya ua: tulia, mkanda haujaisha.

Siku nyingine za wiki banda lilikuwa la wanaume, ngumi na bunduki. Jumapili baada ya kanisa ilikuwa yetu, mikanda ya miungu na ya mapenzi. Na Jumapili mlango ulifungwa kwa kufuli la nje tangu mwanzo wa mkanda mpaka mwisho. Siku za wanaume haukufungwa.

Waliotaka hivyo nawataja. Wa kwanza Marwa, aliyejiita mzee wa busara, ambaye wake zake watatu walipenda sinema kuliko yeye. Alisema gizani mle wanawake watatoroka na vijana wa machimbo ya dhahabu. Wa pili Chacha, mume wangu, aliyesimama upande wa Marwa na kusema afadhali tukose hewa kuliko yeye kukosa heshima. Amekufa, na sijamsamehe. Wa tatu Gesabo, mwenye banda, aliyekubali kwa sababu kufuli vilevile lilimzuia asiyelipa asichungulie. Ufunguo ulikaa mfukoni mwake. Na petroli ya jenereta aliiweka ndani, nyuma kabisa, kwenye dumu, kwa sababu nje ilikuwa inaibiwa.

Mtafsiri hakuingia nasi. Hiyo nayo ilikuwa mbwembwe yake. Tunaingia, Gesabo anafunga kufuli, giza linajaa, tunaanza kuita. Ndipo yeye anazunguka nyuma ya banda, anapenya kwenye kidirisha kidogo kilichokuwa kando ya televisheni, pale nyaya zilipopita, anatokea kama ametoka ndani ya kioo. Watoto walikuwa wanaamini hivyo. Kwa hiyo kila Jumapili kufuli likifungwa, sisi wote tuko ndani na yeye amesimama nje, karibu na Gesabo, na sanduku lake. Hakuna mwingine tuliyemjua.

Mkanda wa siku ile ulikuwa wa malkia aliyesingiziwa. Aliambiwa asimame hekaluni na taa kiganjani mpaka kuche; taa ikizimika, basi ana hatia. Shemeji yake alimwaga mafuta nyuma ya mapazia. Mimi na Ghati tulikuwa tumechelewa, tukakaa nyuma karibu na dumu. Mapazia yalipowaka kwenye kioo, Mtafsiri aliwasha tambara lake kule mbele. Tukapiga makofi. Na mimi, kwa macho yangu, niliona waya wa taa uliopita juu ya turubai la dari, nyuma yetu, unatoa cheche, turubai linashika. Nikamgusa Ghati. Akasema, "Leo amefanya vizuri, ameweka na nyuma."

Moshi ukawa mwingi. Mmoja akakohoa, mwingine akacheka. Mama Wankuru akasema, "Tulieni, mkanda haujaisha."

Halafu kwenye spika ikatoka sauti ndogo, imekwaruza. "Moto. Ni moto kweli. Njooni huku." Nani huyo? Watu walijibu hivyo, nani huyo anaharibu sinema. Hawakuijua. Mimi nilikuwa nimeisikia kwa mbuzi, na bado niliganda. Dumu liliposhika, wote wakaenda mlangoni, kwa sababu mtu hukimbilia mlango. Ghati aliponyoka mkononi mwangu akaenda nao. Nilisikia mabati yanapigwa na kufuli linaruka nje, kla, kla, kama kengele ya mbuzi. Sauti hiyo haijanitoka masikioni.

Ndipo Mtafsiri akaita kwa sauti ya Bhoke. Ile laini ya malkia. Jenereta ilikuwa bado inanguruma, spika bado inasema: "Njooni kwangu, dada zangu, njooni kwenye taa yangu." Wengine walifikiri sinema inaendelea, hata hivyo waliifuata, na hao ndio waliopona. Alitusukuma kwenye kidirisha mmoja mmoja, huku anaita kwa sauti ya mwanamke. Mama Wankuru alipita. Mimi nilipita mkono ukiwa umeshaisha. Gesabo alikuwa mnadani na ufunguo wake.

Nililazwa mpaka mvua zikaja na kwenda. Niliporudi, Mtafsiri alikuwa ameondoka, na hadithi ilikuwa tayari imepikwa: walijifungia wenyewe. Niliambiwa kwamba walipomuuliza alisema yeye alikuwa anatazama kioo, mlango hakuuona. Nikamchukia. Nilimchukia kuliko Gesabo, maana Gesabo hakuwahi kunililia.

Alinijia, lakini. Nikipita penye redio, kwenye harusi, mahali popote maiki inapokwaruza, namsikia anaita dada zangu. Nikipika na moshi ukanigeukia, nasubiri aseme. Usiku naota niko mbele kabisa na yeye hasemi.

Mwaka huu Gesabo alianza kuchimba msingi palepale banda lilipokuwa. Anajenga gesti. Hatukuwahi kuweka hata jiwe la ukumbusho pale, kwa sababu waliosemekana kujifungia wenyewe hawawekewi jiwe. Tukapeleka malalamiko kwa mwenyekiti wa kijiji, sisi wachache tuliobaki. Tukaambiwa kutakuwa na mkutano pale pale kiwanjani, tulete shahidi asiyekuwa kwenye moshi.

Kijana wa bodaboda aliyewahi kufanya kazi Natta ndiye aliyeniambia kwamba kuna mzee kwenye kambi ya watalii ya kule, mpishi wa wafanyakazi, anayeigiza sauti za wanyama mpaka wazungu wanageuka. Nikapanda gari.

Nilimkuta ameinamia sufuria ya ugali nyuma ya mahema. Shati lilikuwa limefungwa mpaka juu.

"Shikamoo," nikamwambia.

Alitazama mkono wangu kabla ya kunitazama usoni. Akatikisa kichwa.

"Leo hutikisi kichwa," nikasema. "Leo unaitikia."

"Marahaba, mama." Ndogo, imekwaruza.

Nilimweleza habari ya gesti na mkutano. Aliendelea kusonga ugali ambao ulikuwa umeshaiva. Nikasema nataka jambo moja tu, aseme kufuli lilikuwa nje. Akakataa kwa kichwa.

"Gesabo alikupa nini?"

"Hakunipa kitu." Akazima jiko. "Aliniambia, ukisema kufuli, nitasema sufuria. Moto ni wa sufuria yako, Mtafsiri. Wewe ndiye uliyewasha."

"Na wewe ukaamini?"

"Niliwasha, mama. Uliniona. Wote mliniona, mlipiga makofi." Akakaa chini, kwenye gunia la mkaa. "Siwezi kuwasha hata udi. Hapa jiko linawashwa na wenzangu. Niende niseme kufuli, na aliyeua ni mimi?"

Nilikuwa nimekwenda na matusi yangu yote. Niliyapanga njiani kuanzia Mugumu. Yakanikauka. Kumbe miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia moto ulianzia wapi, kwa sababu hakuna aliyeniuliza mimi.

"Nilikaa nyuma," nikasema. "Karibu na dumu. Moto ulianza juu ya kichwa changu, kwenye waya wa Gesabo. Wakati huo tambara lako lilikuwa linawaka ndani ya sufuria kule mbele. Nililiona likiwaka na nikaona turubai linashika. Ni vitu viwili."

"Unasema hivyo ili nije."

"Mimi nimekuchukia mpaka nimezeeka. Nikupe zawadi kwa nini?"

Nyani walikuwa wanatembea juu ya paa la stoo. Halafu akauliza, "Ghati alikuwa na wewe?"

"Alikuwa na mimi."

"Niliita kwanza kwa sauti yangu," akasema. "Hawakunijua. Kama ningeanza na ya Bhoke. Hapo ndipo ninapokwama kila siku. Nikija huko kwenu nikaongea kama mimi, nani atanijua?"

Nilimtajia siku ya mkutano, nikamwachia nauli ya kuja, nikarudi bila kujua kama atakuja.

Siku yenyewe wanaume walikaa kwenye viti, sisi chini, mbele ya msingi uliochimbwa. Gesabo alikuja na fimbo yake ya mpingo. Marwa amekuwa kipofu, lakini aliletwa. Mwenyekiti akauliza shahidi yuko wapi. Gesabo akacheka, "Shahidi wao ni moshi."

Basi Mtafsiri akatokea nyuma, kule kilikokuwa kidirisha, watu wote wakiwa wameshakaa. Sanduku mkononi. Mama Wankuru, ambaye sasa hatembei bila kushikwa, alinishika goti.

Walimpa spika ya mkono. Akaiweka mdomoni, ikatoka sauti ya Bhoke. "Dada zangu." Laini vilevile, kwenye mdomo usio na meno. Vijana wakaangua kicheko. Gesabo akapiga fimbo chini. "Mnaona? Mchekeshaji. Huyu ndiye shahidi?"

Mtafsiri akashusha spika. Akasimama tu. Nikafikiri imekwisha, atatikisa kichwa aende zake.

"Sema, Mtafsiri," akasema Mama Wankuru.

"Nasema," akajibu. Kwa sauti yake.

Ilikuwa ndogo mno, wanaume walilazimika kuinama mbele. Alisema yeye alisimama nje na sanduku hili, pale, akaonyesha kwa kidole. Gesabo alifunga mlango kwa kufuli la nje. Alitia ufunguo kwenye mfuko wa shati, upande wa kushoto, akapanda baiskeli akaenda mnadani. Marwa alikuwa amekaa pale na alimwambia Gesabo ahakikishe limeshika. "Wanawake hawakujifungia. Niliulizwa, nikadanganya. Niliogopa."

Gesabo akasimama. "Na sufuria yako je?"

"Ningali nayo," akasema, akafungua sanduku akaiweka juu ya udongo wa msingi. "Waulize waliokaa nyuma moto ulianzia wapi. Hawajawahi kuulizwa."

Mwenyekiti akageuka kututazama. Nikainuka, nikasema yangu. Hakuna aliyenikatiza. Marwa kwenye kiti chake, macho meupe, akasema polepole, "Nilimwambia ahakikishe. Ndiyo. Nilimwambia." Gesabo alimtazama kama mbwa aliyemfuga mwenyewe na sasa amemng'ata. Mwenyekiti akasema msingi ufukiwe. Gesabo alibaki amesimama na fimbo yake, na watu wakaanza kumpita kuchukua majembe.

Mtafsiri hakungoja hayo. Alikuwa anapekua sandukuni. Akatoa chupa ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa.

"Ule mkanda," akatuambia, "mwisho wake ilikuwa mvua. Mungu anachelewa, lakini inanyesha, hekalu linazimika, Bhoke anatoka na taa yake. Siku ile nilikuwa nimejaza chupa."

Akatembea pale mlango ulipokuwa, akamwaga. Kisha akatugeukia sisi tuliokaa mbele, akatumwagia. Yalikuwa maji ya baridi, ya mto wa Natta. Hakuna aliyejifunika kanga.